Paa la Nyumba ya Ikupa

Miaka ile Mlima Rungwe ulikuwa unauza ukungu. Anayebisha na abishe, lakini mabomba yalikuwepo. Yalishuka kutoka msituni yakapita juu ya mashamba ya chai kama utumbo wa mbuzi ulioanikwa, na ndani yake ukungu ulitembea wenyewe, polepole, bila pampu, kwa sababu ukungu wa kule ni mzito na una akili. Mwingine ulipelekwa Dodoma kupoza ofisi. Ule mzuri kuliko wote, wa alfajiri, ambao haujaguswa na moshi wa jiko la mtu, uliingia kwenye Nyumba ya Ukungu pale Tukuyu, na humo wanawake walikuwa wanapigwa picha za kizazi.

Asubuhi ninayoisema, Daktari Asajile Mwakanosya hakutakiwa kuwa kazini. Alikuwa na ruhusa. Tangu jana yake alikuwa amewatangazia watu wote wa nyumbani kwamba anakwenda Kyela kutafuta mchele, akatoka kungali kijivu, mabuti ya mpira miguuni, gunia tupu begani, fimbo ya mwanzi mkononi.

Njia yake ilipita kati ya migomba na kugusana na njia ya nyumba ya mwanawe, Lugano. Alipofika pale alisimama, akagonga fimbo kwenye karai bovu lililofunikwa juu ya kisiki. Ngo, ngo. Halafu, upande wa pili wa migomba, mtu akaanza kuimba puani, mdomo umefungwa. Ulikuwa wimbo usio na maneno. Ulipanda taratibu, ukajikwaa mahali palepale unapojikwaa siku zote, ukashuka.

Huyo alikuwa Ikupa, mkamwana wake, mke wa Lugano.

Kwao baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mengi yalikuwa yamebadilika, kuku walikuwa wanataga kwa kuagizwa na magari yalikuwa yanajiegesha yenyewe na kugombea kivuli, lakini hilo lilibaki. Ikupa akipita, Asajile anageukia migomba. Asajile akipita, Ikupa anageukia bondeni. Hawasemeshani. Karai ndiyo hodi ya mzee, wimbo ndiyo hodi ya binti. Tangu aolewe, Asajile hakuwahi kuuona uso wake, wala kuutafuta. Aliijua sauti, na sauti ilimtosha kujua habari. Mara mbili wimbo ule ulikuwa umeshuka ukawa mnene, kama wa mtu anayewaimbia wawili, na Mama Lugano akaanza kufuma vikofia. Mara mbili ukakatika. Asajile aligonga karai, akajibiwa na ufagio.

Asubuhi hiyo wimbo ulikuwa mwembamba na wa haraka. Asajile aliugeuzia mgongo kwa heshima, akausubiri upite, akashika njia yake ya Kyela.

Kyela hakufika. Mvua ya usiku ilikuwa imeung'oa mteremko mzima ukalala barabarani na miti yake ikiwa imesimama vilevile, hata ndege walikuwa hawajagundua kwamba wamehama. Asajile aliutazama mlima uliohamia njiani, akalikunja gunia lake, akasema, "Basi nikafanye kazi."

* * *

"Wewe si uko Kyela?" Sista Tumpe alimshangaa mlangoni. Alikuwa muuguzi wa makamo kutoka Mbeya mjini, mwenye mikono laini na ulimi usio laini.

"Kyela imefungwa. Daktari Mwaisaka yuko wapi?"

"Jino. Shavu limevimba utadhani ameficha andazi. Nilikuwa nataka kumrudisha mgonjwa nyumbani."

"Usimrudishe. Ukungu wenyewe ndio huu wa mwisho mwisho."

Hilo lilikuwa kweli. Msimu ulikuwa unakwisha na mabomba yameanza kukohoa. Ukipita ukungu ule, mtu angengoja hadi baridi ya mwaka mwingine.

Asajile hakuuliza jina la mgonjwa. Ilikuwa sheria ya nyumba: mwenye kusoma picha hamjui mwenye picha. Mgonjwa aliingilia nyuma, akalazwa kitandani upande wa pili wa ukumbi, vipaza sauti vidogo kama ushanga vikazungushwa tumboni. Vipaza vile vilituma mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyapati. Mawimbi yaligonga nyama, yakarudi na habari, na vipaza vingine vikubwa darini vikalishika kila tone la ukungu mahali pake kwa sauti tupu, kama mtu anavyoshika unyoya kwa kuupulizia usianguke. Matone yakapangana. Katikati ya ukumbi pakaota kizazi kikubwa kama kanisa dogo, cheupe, kinachopumua.

Daktari aliingia kwa miguu.

Alipita kwenye shingo ya kizazi, mlango mwembamba uliomlazimu kuinama kidogo, akasimama ndani. Wanaoifanya kazi ile walisema hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu mzima anajisikia amesahau kitu na wakati huohuo amekikumbuka. Kuta zilikwenda na kurudi. Mwanga haukutoka popote. Asajile alikuwa ameshaingia kwenye vizazi vingi vyenye uvimbe, vingine vina uvimbe kama viazi vya Makete, akavihesabu na kutoka. Hiki hakikuwa na uvimbe hata mmoja. Hiki kilikuwa na vyumba viwili.

Kutoka juu, katikati, kulishuka ukuta kama pazia zito, ukafika karibu na mlango. Kulia chumba chembamba, kushoto chumba chembamba, na kila kimoja na kijitundu chake kwenye kona, pale mrija unapoingilia.

"Kwa idhini yako, Daktari," ilisema sauti darini. Huyo ni Mshauri, yaani akili ya ile mashine. Aliyemfundisha kusema alikuwa mtu wa pwani, kwa hiyo kila kitu alikisema kwa upole, hata habari mbaya. "Mwenye nyumba amezaliwa hivi. Mimba ikijishikiza kwenye ukuta kama huu hukosa damu ya kutosha ikaanguka. Napendekeza ukuta ukatwe leo hii. Chumba cha mwanga kimeshapata moto."

Chumba cha mwanga kilikuwa mlango wa pili tu. Mwanga mwembamba kama unywele unaingizwa kwa njia ileile ya mtoto, unakata, mgonjwa anakwenda nyumbani kwa miguu yake. Kilichotakiwa ni neno la daktari.

Asajile aliunyoshea ukuta mkono bila kuugusa. "Ukatwe," akasema.

Ndipo yule mgonjwa, huko kitandani asikoonekana, kwa woga au kwa kutaka kujituliza, akaanza kuimba puani.

Ukungu ulikuwa umeshikwa kwa sauti, na sauti ikapita ndani ya sauti. Kuta zote zilianza kutetemeka. Mistari midogo ilitembea juu yake kama upepo unavyotembea kwenye majani ya chai. Wimbo ukapanda taratibu, kizazi kizima kikipanda nao. Ukajikwaa. Ukashuka.

Asajile aligeuka, kama alivyozoea.

Mbele yake Ikupa. Akageuka tena: Ikupa. Kulia na kushoto Ikupa, juu Ikupa, na chini, chini ya mabuti yake yenye matope ya barabara ya Kyela, Ikupa. Mtu ambaye hakuwahi kumtazama hata kisigino alikuwa amesimama ndani yake na mabuti.

Aliyavua. Alibaki na soksi, mabuti mkononi, macho ameyafumba, na kwa kuwa mwenye macho yaliyofumbwa hajui mlango ulipo, alirudi kinyumenyume, akaupenya ukuta wa ukungu, akatokea nje akiwa amelowa hadi kwenye kope.

* * *

Alipofumbua macho aliona kitu ambacho, kwa miezi yote aliyofanya kazi pale, hakuwahi kukitazama. Ndani kizazi kilichorwa hadi mshipa wa mwisho. Kwa nje palikuwa na rundo la ukungu tu, halina umbo, kama sufi iliyotupwa.

Alikwenda kwenye kidirisha cha mitambo. "Tumpe. Paa liko wapi?"

"Paa la nini?"

"La nyumba ile. Nimeona vyumba, sijaona paa."

"Tangu lini mgeni akapanda paa la watu?" Tumpe alicheka. "Umesahau tulipofungua? Wakinamama walisema kabisa: mgeni aliyekaribishwa aingie mlangoni, atazame alichoitiwa, atoke. Anayezunguka nyuma ya nyumba ana lake jambo. Fundi akaizuia mashine isichore nje. Na tukampigia makofi."

Kweli walipiga makofi, Asajile kwa nguvu kuliko wote. Na uvimbe hauhitaji paa, kwa hiyo hakuna aliyelikosa. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa haijawahi kuingia ukumbini humo mpaka asubuhi ile.

Alichukua viganja vyake viwili akavikutanisha. "Sikiliza. Kuna kizazi ambacho ni nyumba moja, fundi akaacha ukuta katikati. Paa lake ni moja, limeviringana vizuri. Huo ukuta unaukata, hauna kazi. Na kuna kizazi cha pembe mbili. Hicho ni vibanda viwili vilivyoegemeana, na paa lake lina bonde katikati. Ukiwa ndani, vyote viwili unaviona sawa. Lakini kwenye cha pembe mbili kile unachokiita ukuta ndiyo nyumba yenyewe. Ukikata..." aliviachanisha viganja, "mwanga unatokea nje. Kizazi kimetoboka, na pengine kinaondolewa kabisa. Mshauri! Paa la huyu likoje?"

"Paa sikuoneshwa, Daktari."

"Sasa umejuaje kwamba ni ukuta?"

"Nimekisia. Kwa adabu zote."

"Umekisia!"

"Nyumba nyingi za namna hii huwa ni ukuta. Nawe ukasema ukatwe. Nikafurahi kwamba tumekisia pamoja."

Tumpe alikohoa kuficha kicheko. Kisha akauona uso wa mwenzake akaacha. "Kuna nini kingine?"

Asajile alishusha sauti. "Ni mke wa Lugano."

Tumpe alikuwa wa mjini, lakini si wa mjini kiasi hicho. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Amechagua leo," Asajile alisema, "kwa sababu leo niko Kyela."

Ukungu ulipita kati yao taratibu. Bomba likakohoa.

"Tumrudishe," alisema Tumpe. "Mwaisaka atamwona jino likipoa."

"Na ukungu utatoka wapi? Atangoja mwaka. Na katikati ya mwaka atapata mimba nyingine, na itaanguka kama zile."

"Basi sikia. Paa linachorwa ukisimama upande wa kitanda. Mimi namfunika uso kwa kanga. Namwambia vuta pumzi, shika pumzi. Wewe unatazama paa lako, unatoka. Hakukuona, hukumwona, ameshapona. Nani ameumia?"

Lilikuwa wazo zuri, na Asajile alilizungusha kichwani kama mtu anayeonja mchuzi. Kanga ingeziba uso. Angejua ukweli, angemtengeneza, na siku moja angepakatishwa mjukuu bila mtu kuaibika. Ni kukaa kimya tu, na kukaa kimya na Ikupa alikuwa na uzoefu wa miaka.

"Kila asubuhi nitagonga karai," alisema mwishowe. "Naye ataniimbia, akidhani ninachokijua kwake ni wimbo tu. Na mimi nimeshapita hadi chumbani, na viatu."

"Ukimwambia, ataondoka. Mimi ningeondoka. Ningeruka dirisha."

"Ataondoka na kizazi kizima."

"Na bila jibu."

"Na bila jibu," alikubali Asajile. Lakini alikuwa ameshalichukua bakuli la chuma la kuwekea mikasi.

* * *

Alisimama nyuma ya lile rundo la ukungu. Upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia shuka likisogea, alilala mkamwana wake akiimba puani. Kusema naye hakuweza. Alilishika bakuli kwa mkono wa kushoto, akaligonga kwa fimbo. Ngo, ngo.

Wimbo ulikatika.

Kizazi cheupe kilijikunja. Asajile alikiona kikijikunja, akafahamu kwamba hata kuona huko ni kuchungulia, akafumba macho. Alisubiri. Alisikia mabomba, alisikia tone likidondoka, alisikia mbali sana gari likigombea kivuli na jingine. Ilikuwa kama ndoto zile ambazo umesimama mbele ya mlango wa kwenu na huna uhakika kama bado ni kwenu.

"Sista," ilisema sauti ya Ikupa, ya maneno safari hii, nzito kuliko alivyotarajia. "Mwambie huyo anayegonga. Kyela ndiyo huku?"

Tumpe, aliyekuwa amesimama katikati yao, alimgeukia Asajile. "Anauliza kama—"

"Nimesikia. Mwambie barabara imeanguka. Mwambie nilikuwa sijui ni nani. Nimeingia ndani, nimesoma, nikausikia wimbo nikatoka. Mwambie ndani mna vyumba viwili na mashine inataka kukata, na mimi niliruhusu, nikafanya haraka. Sasa siruhusu mpaka paa lionekane. Paa haliwezi kuonekana nikiwa huku. Akisema niondoke naondoka sasa hivi, na picha naifuta, na neno hili halifiki nyumbani."

"Anasema—"

"Nimesikia, Sista. Simba huyu anaunguruma." Shuka likasogea. "Mwulize. Zile mbili zilizoanguka. Ni mimi nilikosea? Watu wanasema nilibeba ndoo."

Asajile alifumbua macho. "Mwambie angebeba mlima ingekuwa vilevile. Amezaliwa hivyo. Hakuna alichokosea."

Safari hii Tumpe hakurudia. Upande wa pili mtu alivuta kamasi, akavuta tena.

"Sista. Alipoingia humo ndani, alikuwa na yale mabuti yake?"

Tumpe alimtazama Asajile toka juu hadi chini. "Aliyavua, mama. Baadaye kidogo. Sasa hivi yuko na soksi. Moja ina tundu, kidole kinachungulia."

Kwanza kulikuwa na mkoromo. Halafu Ikupa akacheka, kicheko cha tumboni, na kwa kuwa tumbo ndilo lililokuwa limeshika picha, kanisa lote la ukungu likacheka nalo, likaruka, likapoteza kuta, likazikusanya tena. Mshauri akasema taratibu, "Mwenye nyumba, tafadhali, naangusha vitu."

"Nipe kanga yangu, Sista," alisema Ikupa akijifuta. "Nijifunike mwenyewe. Halafu mwambie azunguke."

Asajile alizunguka nyuma ya nyumba.

Aliona kanga ya rangi ya machungwa juu ya mto, ikipanda na kushuka mahali penye mdomo, na hapo hapo akayaondoa macho akayapandisha juu. Tumpe aliifungulia mashine kile fundi alichokizuia. "Vuta pumzi, mama. Ndefu. Shika."

Rundo la sufi likaanza kupata umbo. Matone yalipanda yakitafuta mahali pake, kama watu wanaoingia kwenye uwanja wenye viti vya bure. Upande wa kulia pakainuka kilima. Upande wa kushoto pakainuka kilima kingine, pacha wake. Na katikati, paa ambalo lingetakiwa kuviringana lilishuka, likashuka, likafanya bonde refu la kumfichia mtu, na chini ya bonde ukungu ukajikusanya ukawa maji, kidimbwi kidogo kinachometameta. Rungwe yenyewe haina bonde zuri namna ile.

"Pumua, mama."

"Nasahihisha kauli yangu," alisema Mshauri. Mlango wa pili, chumba cha mwanga kikajizima, tik, kikaanza kupoa.

Tumpe alifungua mdomo kupeleka habari. Ikupa akamwahi.

"Baba," alisema kutoka chini ya kanga. Hakupitia kwa mtu. "Paa likoje?"

Asajile aligeukia ukuta wa ukumbi, kwa sababu heshima ina mahali pake hata siku inapovunjwa. Sauti yake aliiacha ielekee kitandani.

"Lina bonde, mwanangu. Ni vibanda viwili vimeegemeana. Havikatwi."

"Na mtoto? Atakaa?"

"Wengi hukaa. Wengine wanatoka mapema. Siwezi kukuahidi. Anabanwa nafasi, na mlango unaweza kulegea kabla ya siku zake. Ukipata, tutausikiliza mlango, na ukilegea tutaufunga kwa uzi. Mwaisaka atakuwa anakutazama mara kwa mara, mpaka mwisho."

"Mwaisaka ndiye nani?"

"Yule daktari mwenye andazi shavuni," alisema Tumpe.

Bomba lilikohoa mara ya mwisho, likaisha. Vipaza darini vilikosa cha kushika, na lile paa, vilima vyote viwili na kidimbwi chake, likaanza kulegea na kudondoka taratibu, mvua nyembamba ya uvuguvugu juu ya kanga ya machungwa, juu ya Tumpe, juu ya kichwa cha Asajile na soksi yake yenye tundu.

"Huyo simtaki," alisema Ikupa. "Ingia wewe. Lakini uwe unagonga kwanza."

Asajile aliliinua bakuli lililokwisha kujaa mvua, akamwaga maji, akaligonga. Ngo, ngo. Na kutoka chini ya kanga iliyolowa wimbo ulianza kupanda taratibu, ukafika palepale, ukajikwaa.